Ulimi wa Chuma

Barua ya Nazzareno ina mistari mitatu.
Wa kwanza unanishukuru. Wa pili unataja tarehe.
Wa tatu unataja kiwanda cha majiko kule bondeni
na tarakimu moja, bila maelezo,
kama mtu aliyetua nyundo mezani akaenda zake.

Euro mia tatu na arobaini zaidi, kila mwezi.
Kukaza skrubu za majiko,
yeye aliyeusikia ulimi wa chuma ukikosea
kabla mimi sijajua kama umelia.

Usiku nikalishusha daftari la baba.
Wino wa kijani, mwandiko umelalia upande mmoja.
Elvio, Mungu amrehemu, alipanga mishahara
kama anayepanga viti vya harusi:
huyu mtoto wa dada, huyu ana makelele,
huyu aliomba mwaka ule mvua ya mawe ilipopiga mizabibu,
huyu hakuomba.

Asiyeomba ni Fiorenza.
Miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la kaskazini
akizipatanisha sauti za akodiani zetu.
Ndiye aliyemfundisha Nazzareno kushika tupa.
Mwanafunzi anampita mwalimu kwa mia mbili na kumi,
na pembeni, kwa kijani, maneno mawili:
*ana mume.*
Mume alizikwa zamani, nami nilikuwepo.
Maneno yakabaki yanakula.

Nikapiga simu. Kwa chama cha mafundi.
Kwa Loredana, mhasibu wa karakana sita za mtaa huu.
Kwa mshindani wangu wa mji wa pili,
aliyecheka kwanza, kisha akanitajia.
Kumbe sikio lina bei sokoni.
Nilijua bei ya msonobari, ya ngozi ya mbuzi, ya gundi,
hadi senti ya mwisho;
bei ya mtu nilimwachia marehemu.

Jumamosi, mezani jikoni, nikaandika kazi, si majina.
Inachukua miaka mingapi kuijua?
Inakula nini mwilini: macho, mgongo, mapafu?
Ikiharibika, nani analia?
Kupaka vanishi nilikuweka chini kabisa,
mpaka nikakumbuka kikohozi cha Jaswinder,
aliyeahidiwa nyongeza "tukishamzoea."
Tumemzoea mwaka wa nne huu.
Nikaifuta, nikaipandisha.

Hesabu ikagoma. Tunauza akodiani mia na themanini kwa mwaka.
Nikaliondoa gari jipya. Nikaondoa kipande cha mshahara wangu,
na sitajigamba: kilikuwa kinene.
Nikamwandikia mnunuzi wa Ufini kwamba bei inapanda.
Hata hivyo majiko siwafikii.

Jumatatu nikaibandika karatasi mlangoni:
kila kazi, inaanzia wapi, inaishia wapi,
na mtu anapandaje bila kuja kuninong'oneza ofisini.
Nazzareno akasoma, midomo ikihesabu.
"Bado themanini," akasema, si kwa ubaya.
Ana mapacha. Ijumaa akaondoka.

Fiorenza alisoma mara mbili, miwani juu ya paji.
"Na ile thelathini na mmoja?"
Nikasema, tunaanza Machi.
"Sikukuuliza mnaanza lini, Ornella."
Akarudi dirishani kwake.
Sina jibu. Loredana naye hana, nimemuuliza.

Nilipokuwa na miaka saba alinionyesha:
ulimi wa chuma hauongezwi kitu.
Ukitaka sauti ipande, unakwaruza nchani.
Ukitaka ishuke, unakwaruza shinani.
Vyovyote iwavyo, kuna chuma kinachotoka,
kazi ni kujua unakitoa wapi.

Leo nimepita karibu na meza yake.
Vumbi la kijivu kwenye gazeti la jana.
Anakwaruza, anapuliza, anainamisha kichwa.
Mimi nasikia sauti safi kabisa.
"Bado," anasema,
bila kugeuka.